Dondoo muhimu: Jina la binti yenu

Kabla ya kukubaliana, liiteni jina hilo kwa sauti kubwa, kama mtakavyomwita akiwa uani na chungu kinaungua jikoni. Likigoma ulimini, tafuteni jingine.

Waulizeni wazee mapema. Kwa Wakikuyu, binti wa kwanza hurithi jina la bibi mzaa baba, wa pili la bibi mzaa mama; kuiruka zamu hiyo kimyakimya huzua maneno. Kwa Waislamu wengi jina hutolewa siku ya 7 pamoja na akika, kwa hiyo muda wenyewe ni mfupi.

Linalosumbua zaidi baadaye ni tahajia. Hadija au Khadija? Asha au Aisha? Chagueni moja, iandikeni kwenye karatasi, na atakayekwenda kusajili akisome cheti herufi kwa herufi kabla hajaondoka dirishani. Cheti kikisema Hadija na shule ikaandika Khadija, siku ya kuomba pasipoti atatumwa kwa wakili kula kiapo.

Mwajuma na Chausiku ni mazuri, ikiwa kweli kazaliwa Ijumaa au usiku. Tabu na Shida, hata kama uchungu ulikuwa mrefu, mimi ningeyaacha.