Nyumba ya Marafiki katika Kisiwa cha Pemba

Katika sharika zetu, tangu Kiwalani hata mjini Dar es Salaam, tumezoea kuona madhabahu, mimbari na birika la ubatizo ndani ya nyumba ya Mungu. Wako Wakristo ambao nyumba yao ya kukutania haina hata kimoja cha vitu hivyo. Wao hujiita Marafiki (someni Yohana 15:14-15), na walimwengu huwaita Waquaker. Chama chao kilianza Uingereza katika karne ya 17 kwa mahubiri ya George Fox. Kwa desturi yao ya kale hukaa kimya wakimngojea Roho, na yeyote anayesukumwa moyoni, mwanamume au mwanamke, husimama akanena. Hawabatizi kwa maji, wala hawali Chakula cha Bwana kwa mkate na divai. Katika hayo hatupatani nao, maana sisi twashika agizo la Mathayo 28:19. Lakini kazi yao huko Pemba yafaa tuijue.

Mwaka wa 1872 kimbunga kikubwa kiliiangusha mikarafuu ya Unguja, bali Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo Pemba ikawa ndiyo nchi ya karafuu, na waliozichuma walikuwa watumwa. Basi, mwezi wa Aprili 1897, Sultani Hamud bin Muhammed, kwa kushurutishwa na Waingereza, alitoa amri ya kuondoa utumwa katika sheria.

Mtu akisikia hivyo hudhani kwamba minyororo ilikatika siku ile ile. Sivyo. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe barazani kudai uhuru wake. Bwana wake aliweza kulipwa fidia. Tena, aliyekwisha kupewa uhuru alitakiwa kuonyesha kwamba ana makao maalumu na njia ya kupata riziki. Asipoweza, huhesabiwa mzururaji. Tufikiri neno hili. Kibanda alimolala kilikuwa juu ya ardhi ya bwana, na muhogo aliokula ulitoka katika shamba la bwana. Akiuomba uhuru, aenda wapi jioni ile? Tulinganishe na Kumbukumbu la Torati 15:12-14, ambapo bwana aamriwa asimwache mtumwa aende zake mikono mitupu, bali ampe katika kundi lake na katika uwanda wake wa kupuria. Kule Pemba malipo yalimwendea bwana.

Mwaka ule ule wa 1897 Marafiki wa Uingereza walinunua shamba la mikarafuu liitwalo Banani, karibu na Chake Chake. Henry Stanley Newman aliandika kitabu juu ya mwanzo wake, kilichotolewa mwaka wa 1898, na Theodore Burtt alikaa kisiwani miaka mingi akiisimamia kazi. Hapo watu waliotoka utumwani walipata mahali pa kukaa, wakafanya kazi kwa ujira, na Neno likafundishwa. Kwa hiyo mtu wa Banani, akiulizwa na serikali juu ya makao yake na riziki yake, alikuwa na jibu. Mimi naona kwamba hapo ibada yao na kibanda cha mkulima vilikuwa kazi moja, wala si haki kuisifu ile na kukisahau hiki. Misioni ya Berlin kadhalika iliwaweka watu waliokombolewa kule Kisarawe, karibu na kwetu.

Amri ile ilikuwa na upungufu mwingine. Masuria hawakupewa ruhusa ya kudai uhuru kama wengine. Mlango wao ulikuwa mwembamba, yaani kuthibitisha kwamba walitendwa kwa ukatili. Walingoja hata mwaka wa 1909, ilipotolewa amri ya pili.

Wengine wataka kuipima misioni kwa hesabu ya waumini. Kwa kipimo hicho Banani ni kidogo, maana watu wa Pemba walidumu katika Uislamu, na Marafiki wa huko ni wachache hata leo. Wenzao wa Marekani walifika Kaimosi, magharibi ya Kenya, mwaka wa 1902, wakaweka kinu cha kupasulia mbao na shule. Huko idadi ikaongezeka mno, hata sasa hakuna nchi yenye Marafiki wengi kuliko Kenya. Lakini Kaimosi hapakuwa na baraza la kudaiwa uhuru, wala mtu hakuulizwa mlangoni kwamba usiku huu atalala wapi.