Dondoo muhimu: Kabla hujahamia Houston

Houston, Texas, ni jiji la nne kwa wingi wa watu Marekani, na bado linapanuka. Kabla hujatia saini mkataba wa nyumba, zingatia haya:

• Ulizia mafuriko. Mwaka 2017 Kimbunga Harvey kilizamisha hata nyumba zilizokuwa nje ya maeneo yaliyotambuliwa kuwa ya hatari. Tazama ramani za mafuriko za FEMA, shirika la serikali kuu la kushughulikia majanga, kisha waulize majirani maji yalifika wapi.

• Kata bima mapema. Bima ya kawaida ya nyumba hailipii mafuriko. Bima ya mafuriko ya mpango wa serikali kuu kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya siku 30, na msimu wa vimbunga huanza Juni 1. Mpangaji naye anaweza kuwekea bima vyombo vyake.

• Pima safari ya kazini. Ipite njia hiyo asubuhi ya siku ya kazi, wakati wa foleni. Jumlisha mafuta na barabara za kulipia. Unachookoa kwa pango nafuu la pembezoni chaweza kuishia barabarani.

• Chunguza viwanja jirani. Jiji halina sheria ya jumla ya kutenga maeneo ya makazi na biashara. Kwa hiyo omba nakala ya masharti ya matumizi ya viwanja ya mtaa wenyewe.

• Linganisha umeme. Wakazi wengi hujichagulia kampuni: soma bei, muda na faini ya kuvunja mkataba.

• Hesabu kodi. Texas haikati kodi ya mapato kwenye mshahara, lakini kodi ya majengo ni nzito.