KUTOKA KUJITOLEA HADI KUTUMWA: SOMO KWA KIJANA ANAYEHUDUMU PAROKIANI



 Leo nataka niongee na wewe ambaye parokiani wanakujua kwa jina. Wewe ndiye unayebeba spika, unayepanga viti siku ya Kipaimara, unayefundisha watoto wa Utoto Mtakatifu, unayeitwa kusoma somo la kwanza msomaji aliyepangwa asipotokea. Watu wanakuambia, "Wewe ungefaa upadre," au "Binti, mbona hujaenda utawani?" Na wewe moyoni unajiuliza: mbona sisikii kuitwa huko, lakini pia naona hiki ninachofanya si kusaidia tu? Je, mlei kama mimi ana njia yake?

Ndiyo, ipo. Lakini ina mahali ambapo wengi wetu hukwama. Mimi nilikwama.

DAFTARI LA MAHUDHURIO

Nilifundisha watoto kigangoni kwetu kwa miaka mitatu. Mvua ikinyesha naenda, nikiwa na mtihani naenda. Siku moja ikatangazwa semina ya walimu wa dini, na kigango chetu kilipewa nafasi moja. Nikajua hiyo ni yangu, nani mwingine? Lilipotajwa jina, likawa la dada mmoja aliyeanza kufundisha juzijuzi tu.

Sikugombana na mtu. Ila Dominika iliyofuata nilisali parokia nyingine nikarudi nyumbani kulala. Ya pili hivyohivyo, na ya tatu. Moyoni nasema: ngoja wanikose, wataona.

Wiki ya nne katekista wetu, mzee wa miaka mingi kazini, akafika nyumbani na baiskeli yake. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Akaitikia, akaketi, akanywa chai. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Akatoa daftari la mahudhurio ya watoto na kuniambia, "Mwanangu, nimekuletea daftari lako. Wiki tatu hizi nimejaza mimi, lakini watoto wanaucheka mwandiko wangu." Alipokuwa anaondoka, mguu uko kwenye pedali, akaongeza: "Kumbe ulikuwa unawafundisha kwa ajili ya semina? Ungeniambia, ningekutafutia semina mapema."

Jamani, iliniuma. Usiku ule nilifungua lile daftari nikaona majina. Kuna mtoto alikuwa amehudhuria Dominika zote tatu. Alikuja, na mimi sikuwepo.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa tofauti. Kujitolea ni kuzuri, na hakuna huduma isiyoanzia hapo. Lakini katika kujitolea mimi ndiye ninayeamua: nikipenda naenda, nikichukia naacha. Katika huduma, kuna aliyenituma na kuna ninaotumwa kwao. Swali linabadilika. Siulizi tena "napata nafasi gani?" bali "nani ananingoja?"

APOLO ALIYEKUBALI KUFUNDISHWA

Fungua Matendo ya Mitume 18:24-28. Utamkuta Apolo, mtu wa Aleksandria. Ana ufasaha wa kuongea, anayajua Maandiko vizuri, na ana moto. Anaingia sinagogi la Efeso na kuhubiri bila woga. Leo tungesema huyu ameiva, mpeni kipaza sauti. Lakini Luka anatuambia alikuwa anaujua ubatizo wa Yohane tu. Kipaji kilikuwa kikubwa, elimu ya imani haijakamilika.

Sasa angalia waliomsaidia: Priskila na Akwila, mke na mume, walei, mafundi wa kushona mahema (Matendo 18:3). Hawakumwaibisha mbele ya watu. Walimchukua kwao wakamweleza Njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Na Apolo, pamoja na usomi wake wote, akakubali kufundishwa na mafundi wa mahema. Halafu, alipotaka kwenda Akaya, ndugu walimwandikia barua ili wanafunzi wa kule wampokee.

Hapo pana hatua tatu. Kwanza, kipaji na moyo wa kujitoa. Pili, malezi: kukubali kwamba kuna usichokijua. Tatu, kutumwa: jumuiya inakutambua na kukuandikia barua. Wengi tunapenda kuruka kutoka hatua ya kwanza hadi ya tatu. Ile ya katikati inatuudhi, kwa sababu inatutaka tuwe wanafunzi, na pengine mwalimu wako ni mtu uliyedhani umemzidi.

VIJANA WAWILI WA PAIMOL

Usifikiri hayo ni ya zamani za Mitume tu. Twende kaskazini mwa Uganda, kwa Waacholi. Mwaka 1917 katekista wa kijiji cha Paimol alifariki. Daudi Okelo, kijana aliyekuwa amebatizwa Juni 1916, akaenda kwa padre wa misheni ya Kitgum kujitolea kuziba pengo lile. Jildo Irwa, mdogo kuliko yeye, bado mtoto tu, akaomba kwenda naye kama msaidizi.

Ona kwamba walijitolea wenyewe, lakini hawakujituma wenyewe. Walikwenda kwa padre. Padre aliwaeleza wazi hatari ya eneo lile, akawapima nia, na baada ya hapo ndipo akawatuma. Walipofika Paimol, kazi yao ilikuwa ya kawaida kabisa. Asubuhi Daudi alipiga ngoma kuwaita wakatekumeni kwa sala. Maswali na majibu ya katekisimu waliyarudia kama wimbo ili yashike kichwani. Mchana aliwafuata vijijini, maana wengi walikuwa shambani au machungani na wazazi wao. Jioni, rozari. Hakuna jukwaa wala cheo.

Oktoba 1918 machafuko yalizuka. Walitakiwa waache kufundisha dini, wakakataa, na wote wawili wakauawa. Tarehe 20 Oktoba 2002 Papa Yohane Paulo II aliwatangaza kuwa Wenyeheri. Walikuwa walei, vijana wa umri wa shule, na huduma yao ilidumu kwa mwaka mmoja hivi tu. Ila walikuwa wametumwa, na aliyetumwa haondoki kwa sababu mambo yamekuwa magumu.

KANISA LINASEMAJE LEO?

Mlei kuhudumu si kumsaidia padre kwa sababu mapadre ni wachache. Mzizi wake ni Ubatizo na Kipaimara chako. Mwaka 1972 Mtakatifu Papa Paulo VI alifungua huduma ya usomaji na ya utumishi wa altare kwa walei wanaume, hata wasioelekea upadre. Januari 2021 Papa Fransisko akazifungua pia kwa wanawake. Na tarehe 10 Mei 2021, kwa barua yake *Antiquum ministerium*, akaweka rasmi huduma ya katekista katika Kanisa.

Zingatia barua hiyo inavyomtaka katekista awe: mtu wa imani ya kina, aliyekomaa kiutu, anayeshiriki kweli maisha ya jumuiya, anayejua kuwapokea wengine, na aliyepata malezi ya Biblia, teolojia, uchungaji na ufundishaji. Anayempa huduma hiyo ni askofu, na ni huduma ya kudumu, si ya msimu. Katika ibada yenyewe, katekista hukabidhiwa msalaba. Hakabidhiwi kiti wala ufunguo wa ofisi!

Kwa hiyo, si kila anayefundisha watoto atasimikwa rasmi, na asiposimikwa kazi yake haipotei. Wako makatekista wengi wanaoishi kwa jembe lao, wanaoongoza ibada ya Dominika pale padre asipofika, wanaozika wafu na kuandaa wabatizwa, na sifa zao hazijawahi kusomwa popote.

UANZIE WAPI?

1. Rudi kwenye jumuiya yako ndogondogo. Kama unang'aa kanisani lakini jirani zako kwenye jumuiya hawakujui, kuna kitu hakijakaa sawa.

2. Sema na paroko au katekista wako. Usingoje wagundue kipaji chako. Mwambie, "Baba, nahisi Mungu ananiita kuhudumu zaidi. Naomba unisaidie kupambanua." Halafu uwe tayari kusikia "subiri kwanza".

3. Tafuta malezi. Soma Injili kila siku hata robo saa, soma Katekisimu, hudhuria mafunzo ya parokia na jimbo. Na asiyepata nafasi ya kwenda, ajifunze kwa aliyekwenda.

4. Linda maisha yako ya Sakramenti. Kuna hatari ya kushinda kanisani wiki nzima bila kusali. Unapanga foleni ya Kitubio, wewe mwenyewe huungami!

5. Timiza wajibu wa nyumbani. Mama akiwa mgonjwa na wewe uko kwenye mazoezi ya kwaya kila jioni, hiyo siyo huduma, ni kukimbia.

6. Kubali kupitwa. Hiki ndicho kipimo. Akichaguliwa mwingine na bado ukaenda Dominika kuwafundisha wale watoto, jua mbegu imeota.

Na yule dada? Alirudi kutoka semina na madaftari mawili yaliyojaa. Nilimwomba anifundishe. Tulikaa chini ya mwembe wa kigango Jumamosi nne, yeye mwalimu, mimi mwanafunzi. Kusema kweli Jumamosi ya kwanza nilienda nimenuna. Ya nne sikutaka iishe.

MASWALI YA KUTAFAKARI

- Huduma ninayofanya sasa, ningeendelea nayo kama hakuna mtu angenishukuru?
- Priskila na Akwila wangu ni nani? Nimewahi kukubali kufundishwa nao?
- Kuna mtu ananingoja mahali nilipoacha kwenda kwa sababu ya hasira?

TUSALI

Ee Yesu, Mchungaji mwema, wewe ulikuja si kutumikiwa bali kutumikia. Pokea nguvu za ujana wangu. Nitakase na kutafuta jina. Nipe unyenyekevu wa kufundishwa, uvumilivu wa kungoja, na moyo wa kubaki pale uliponituma. Kwa maombezi ya Wenyeheri Daudi na Jildo, wainue vijana wengi wa kulihudumia Kanisa lako. Amina.

Kijana, Dominika hii nenda. Kuna daftari lina jina la mtoto anayekungoja.