Mpira wa Ndani wa Baiskeli: Namna ya Kuuchagua na Kuutia

Mpanda baiskeli aendaye mbio katika barabara ya lami hutegemea kitu asichokiona, nacho ni mpira wa ndani. Mpira usiofaa, au uliotiwa kwa pupa, huweza kupasuka ghafula mtelemkoni na kumwangusha mwenyewe.

Kabla ya kununua, yafaa asome tarakimu zilizo ubavuni mwa tairi. Tairi nyingi za baiskeli za mbio huandikwa 700 kwa 25, au 700 kwa 28. Tarakimu ya pili ni upana kwa milimita. Juu ya kisanduku cha mpira huandikwa upana wa chini na wa juu, na upana wa tairi sharti uwe katikati. Mpira mwembamba mno hutanuka ukawa dhaifu; ulio mpana mno hujikunja ndani ya tairi.

Tena na apime tundu la rimu. Valvu nyembamba hutaka tundu la milimita 6.5, valvu nene, mfano wa ile ya motokaa, hutaka milimita 8.5. Valvu nene haipiti katika tundu jembamba, wala haifai kulitanua.

Kazi ya kuutia huenda hivi:

Kwanza, apapase ndani ya tairi polepole kwa kitambaa, atafute mwiba au kigae. Asipouondoa mwiba, mpira mpya utatoboka siku ile ile. Aangalie pia kuwa utepe wa rimu umefunika vichwa vya spoki.

Pili, atie pumzi kidogo, mpira upate umbo la duara, usijipinde.

Tatu, aingize ubavu mmoja wa tairi, apitishe valvu, kisha aulaze mpira ndani. Ubavu wa pili aanze kuuingiza upande ulio mkabala na valvu, amalizie penye valvu. Atumie mikono, chuma hubana mpira na kuukata.

Nne, aisukume valvu juu kidogo, azungushe gurudumu, atazame pande zote mbili kama mpira umebanwa popote.

Ndipo ajaze pumzi. Valvu nyembamba hulegezwa kwanza kinati chake cha juu. Kiasi cha pumzi kimeandikwa ubavuni mwa tairi, nacho kisipitwe.

Dakika chache za uangalifu nyumbani humwepusha mtu na kusukuma baiskeli maili nyingi juani.