Kuinua Pamoja Naye

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:1-8. Soma pia Kutoka 22:14-15, Kutoka 23:5, Matendo 27:9-31, Wagalatia 6:2-5.

Tukifundisha juu ya kumpenda jirani, mara nyingi tunakimbilia habari ya Msamaria Mwema na kumalizia hapo. Leo nataka tukae na sheria ndogo ambayo wengi huipita haraka, Kumbukumbu la Torati 22:4. Punda au ng'ombe wa ndugu yako ameanguka njiani. Mungu anakataza ujifanye hukuona. Ni lazima umsaidie ndugu yako amwinue. Kutoka 23:5 inaongeza ugumu, maana pale punda ni wa mtu anayekuchukia.

Hapo sote tunasema Amina. Lakini katika Kiebrania cha mistari hiyo miwili kuna neno dogo lenye maana ya "pamoja naye". Si kumwinulia, ni kuinua pamoja naye. Walimu wa Kiyahudi walilishika sana neno hilo. Katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho yao uliokamilika karibu mwaka 200 baada ya Kristo, walisema hivi: mwenye punda akienda kukaa kando na kukuambia kwamba amri ni yako, kwa hiyo ukitaka kupakua pakua, wewe umefunguliwa. Lakini kama mwenyewe ni mzee au mgonjwa, hapo huna njia, utamsaidia hata ukiwa peke yako.

Kutoka 22:14-15 inakwenda njia hiyo hiyo. Mtu ameazima mnyama wa jirani, mnyama akaumia au akafa kazini. Kama mwenyewe hakuwapo, aliyeazima atalipa. Kama mwenyewe alikuwapo, halipi. Mungu anajali kama mwenye mali alikuwa pale akiona kwa macho yake, ama aliambiwa baadaye. Nimekaa na jambo hili kwa muda, maana punda wa siku hizi ana magurudumu sita na anakunywa dizeli.

Wengi wenu mnajua mimi ni fundi wa magari juma zima na mwalimu wa Biblia Jumatano jioni. Jirani yangu ana lori ya tani nne inayobeba viazi kutoka Kinangop hadi soko la Wakulima pale Nairobi. Yeye na mama watoto wameniruhusu niandike habari hii. Lori ilianza kulia tk-tk-tk asubuhi injini ikiwa baridi, halafu ikakosa nguvu kwa mlima. Nilipofungua kebini nikaona masizi meusi upande wa nyuma wa injini. Stadi mbili zilikuwa zimekatika. Stadi ni ile bolti isiyo na kichwa. Hizi ndizo hushikilia manifoldi, lile bomba la kwanza linalopokea moshi wa moto kutoka kwa injini. Chuma hicho kinapata moto wa digrii mia kadhaa, kinatanuka, kikipoa kinarudi. Miaka ikipita stadi huchoka, na mara nyingi zile za mwisho-mwisho ndizo hukatika kwanza, kwa sababu huko ndiko chuma husogea zaidi.

Mtu atasema, ni kelele tu, si apige safari? Hapana. Moshi unaotorokea hapo haufiki kwa turbo, ndio maana lori inakosa nguvu na kumeza dizeli. Tena unaweza kupanda ndani ya kebini. Ndani ya moshi huo kuna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na taniboi hulala kebini usiku wakingoja foleni ya soko. Kwa hiyo ilikuwa ni lazima itengenezwe. Swali lilikuwa itengenezwe vipi, na nani abebe hatari.

Hatari yenyewe ni hii. Stadi ya kwanza ilikuwa imebakisha kipande kidogo nje ya hedi. Hiyo unaiwekea nati, unaiweldi, na ule moto wenyewe unaisaidia kuachana na kutu. Ya pili ilikatikia ndani, sawasawa na uso wa hedi. Hiyo unatoboa katikati yake kwa drili ndogo, kisha unaingiza kile chuma cha kung'olea. Drili ikienda kando, inakula nyuzi za hedi. Ukienda ndani sana unaweza kutoboa hadi kwa njia ya maji. Na kile chuma cha kung'olea ni kigumu sana lakini hukatika kama chaki. Kikikatikia mle ndani, drili ya kawaida haikitoboi tena. Hapo hedi lazima ishuke iende kwa wenye mashine, na gasketi mpya inunuliwe. Lori inalala siku kadhaa.

Jirani alitaka tuanze jioni hiyo hiyo. Mzigo ulikuwa umeshanunuliwa shambani, na deni la chama lilikuwa linakaribia tarehe yake. Akaniambia, "Fundi, nakuachia. Mimi naenda kesha, nitakuombea ukiwa kwa kazi." Wapendwa, mimi napenda kesha. Lakini nilimwambia, "Mzee, leo tutaombea hapa hapa, wewe ukishika tochi." Nikamwomba pia amwite mama watoto, kwa sababu lori ile ilinunuliwa kwa pesa za watu wawili. Yeye ana kibanda cha mboga, na kila lori ikilala ni kibanda kinacholipa.

Wote wawili walipokuwa pale niliwaeleza kama nilivyowaeleza nyinyi. Nikasema stadi ya kwanza nina matumaini nayo. Ya pili naona ni nusu kwa nusu, na ikikataa, hedi inashuka.

Jirani akashtuka. "Fundi, usitamke hiyo! Tamka ushindi!"

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu jambo hili linasumbua wengi kati yetu. Tumefundishwa nguvu ya ukiri, na ni fundisho zuri. Mimi mwenyewe nimeona Mungu akijibu watu waliokataa kukiri kushindwa. Lakini fungua Matendo 27. Mtume Paulo yuko safarini kuelekea Rumi, majira ya baridi yamekaribia. Katika mstari wa 10 anasimama na kuwaambia wazi kwamba safari hiyo italeta hasara kubwa, ya shehena na ya merikebu, hata ya maisha yao. Je, Paulo alipungukiwa imani? Huyu ndiye aliyefufua mtu! Mstari wa 11 unasema yule akida alimsikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo. Alimsikiliza mwenye mzigo. Mnajua mwenye mzigo anavyosema mzigo ukiwa umeshapakiwa.

Tena ni Paulo huyo huyo, baada ya siku nyingi za dhoruba, anayesimama tena kuwatia moyo (mstari wa 22 hadi 25). Alikuwa amepata neno kutoka kwa Mungu kupitia malaika. Na hata hilo neno lilikuja na ukweli ndani yake: watu wote wataokoka, merikebu itapotea. Katika mstari wa 31 anazuia mabaharia wasitoroke. Aliyekuwa na ahadi ya Mungu bado alitaka watu wenye ujuzi wabaki kazini. Kwa hiyo mpendwa, kusema hatari kabla ya kazi si kukiri kushindwa. Kukiri kushindwa ni kusema Mungu hatatuona hedi ikishuka.

Mama watoto ndiye aliyetoa swali la maana jioni hiyo. Aliuliza, "Ikikatikia ndani, ni siku ngapi na ni pesa ngapi?" Nikampigia simu mwenye mashine, nikaweka spika, akataja siku na bei mwenyewe. Mama akanyamaza, akahesabu kwa vidole, akasema, "Afadhali nimejua leo." Usiku huo huo alimpigia mweka hazina wa chama, akamweleza kwamba malipo yanaweza kuchelewa. Hakungoja tarehe ifike ndipo aanze kujificha.

Tukakubaliana jambo lingine mbele ya wote: drili ikianza kutoka katikati hata kidogo, tunaacha. Nilitaka makubaliano hayo yafanywe tukiwa tumetulia. Ukishaingia kwa kazi, mikono imeshika moto na saa imeenda, hakuna mtu anayefikiri vizuri, fundi wala mwenye gari.

Asubuhi tulipoanza, kitu cha kwanza nilichokataa kilikuwa kebini. Kebini ya lori kama ile huinuliwa mbele ili ufikie injini, na kuna mkono wa chuma unaoishikilia juu, wenye pini ya kuufunga. Pini ilikuwa imepotea. Walikuwa wameweka kipande cha nondo kilichopindwa, na kilikuwa kimekaa hivyo kwa miezi. Nikasema siingizi kichwa chini ya hiyo kebini, na wewe pia huingizi. Taniboi akatumwa dukani akaleta bolti ya kisawasawa yenye nati. Tulipoteza saa moja. Jirani alinung'unika kidogo, namwelewa.

Lakini soma mstari wa 8 wa sura yetu ile ile, mistari minne tu baada ya punda. Ukijenga nyumba, weka ukingo juu ya dari ili mtu asianguke ukawa na hatia ya damu. Roho Mtakatifu aliweka sheria ya kusaidia na sheria ya usalama karibu karibu. Kwa fundi, ukingo ni ile pini ya kebini, ni vizuizi vya magurudumu, ni stendi za chuma chini ya lori badala ya jeki peke yake, ni kutoa waya za betri na kufuta dizeli kabla ya kuweldi, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu. Na vijana wanaofanya kazi na injini mpya za dizeli, nawasihi, msitafute mahali panapovuja kwa kidole. Ndani ya paipu za nozeli dizeli husukumwa kwa presha ya zaidi ya baa 1,000. Inapenya ngozi kama sindano. Kidonda kinaonekana kidogo kama nukta, lakini ni cha kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo, si cha kusubiri kesho.

Tuliomba, tukaanza. Stadi ya kwanza ilikataa nati mbili; zote mbili ziling'oka. Ya tatu ikashika. Nikaiacha ipoe kidogo, nikaizungusha mbele na nyuma, mbele na nyuma, pole pole, ikatoka na kutu yake yote. Jirani akapiga makofi, akaimba. Ya pili nilipiga alama katikati, nikaanza na drili ndogo. Haikuenda mbali. Chuma cha stadi kilikuwa kigumu upande mmoja, na biti ikaanza kutembea kuelekea ukingoni.

Nikazima drili. Jirani akainama na tochi, akaona. Akasema, "Jaribu tu kile cha kung'olea, mara moja." Nilimwangalia, naye akamwangalia mama watoto aliyekuwa amesimama mlangoni. Yeye hakusema kitu. Jirani akazima tochi, akasema, "Basi. Tulisema tutaacha."

Hedi ilishuka Jumatatu. Kwa mwenye mashine inafungwa kwa meza na drili inashuka wima bila kutembea, kwa hiyo stadi ilitoka na nyuzi zikabaki nzima. Lori ililala siku nne. Viazi vilibebwa na lori ya mtu mwingine, na faida ya safari hiyo ikaishia kwa kukodi. Malipo ya chama yalichelewa kama mama alivyokuwa amesema, na kwa sababu alisema mapema walimwongezea juma moja. Ilikuwa hasara, sitaipaka rangi. Lakini jirani na mimi bado tunasalimiana kwa mlango, na nimeona majirani wengi, hata waliookoka, walioacha kusalimiana kwa sababu ya injini ndogo kuliko ile.

Wagalatia 6 ina mambo mawili ambayo watu huona yanagongana. Mstari wa 2 unasema tubebeane mizigo, mstari wa 5 unasema kila mtu abebe furushi lake. Katika Kigiriki ni maneno mawili tofauti: la kwanza ni uzito unaomlemea mtu, la pili ni mzigo wa kawaida wa kila msafiri. Katika kazi ile, mimi sikuweza kumbebea jirani uamuzi juu ya lori yake. Hilo lilikuwa furushi lake na la mke wake. Langu lilikuwa kusema ukweli, kushika drili, na kuizima. Ule uzito wa siku nne tuliubeba sote. Mimi sikudai malipo ya mikono yangu, naye kila jioni alikuja gereji kufagia na kupanga spana, hata nilipomwambia aende nyumbani apumzike.

Kuna anayeuliza, na kama kazi inapita ujuzi wangu? Basi msaada wako ni kumpeleka kwa anayejua, na kusimama naye huko asidanganywe bei. Breki na usukani za lori ya jirani usijifunzie, hata akikusihi kwa machozi. Lori hiyo inapita barabara moja na watoto wa shule.

Jumatano hii katika ushirika wa nyumbani tutasoma Matendo 27 kuanzia mstari wa 9. Kila mmoja aje na kazi moja ambayo jirani amemwomba na bado hajamjibu, iwe ni kuandikwa mdhamini wa mkopo, kuchimba kisima, ama kukaa na mgonjwa. Waliooana waje wawili. Na wale ndugu wenye malori, kabla ya Jumatano inueni kebini mwangalie pini. Kama ya kwako imepotea, njoo nayo namba ya gari. Bolti za saizi hiyo ninazo kwenye kopo pale gereji, sitakutoza kitu.