Modeli ya Saketi Ikigoma Kuhama

Ukipakua modeli ya opampu au ya mosfeti kutoka kwa mtengenezaji wake, mara nyingi utakuta imeandikwa kwa ajili ya PSpice, programu ya kuigiza saketi. Wewe unatumia LTspice, au ngspice iliyomo ndani ya KiCad, kwa sababu zote mbili ni za bure na zinafanya kazi nzuri. Unaibadilisha modeli, kwa mkono au kwa programu ya kubadilishia, na hapo ugomvi unaanza. Ushauri wangu wa kwanza ni huu: usiogope ujumbe wa kosa. Ogopa modeli iliyopokelewa bila malalamiko yoyote ilhali majibu yake ni ya uongo. Ujumbe wa kosa hukuonyesha pa kuanzia. Modeli ya uongo hukupeleka moja kwa moja hadi kutengenezesha bodi na kununua vifaa, na hapo hasara imeshaingia.

Chanzo cha matatizo mengi ni cha zamani. SPICE ya kwanza, programu ambayo hizi zote zimetokana nayo, ilitoka mwaka 1973 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kazi ya Laurence Nagel chini ya Profesa Donald Pederson. Tangu hapo kila aliyeichukua aliiongezea yake. PSpice, HSPICE, LTspice na ngspice leo ni kama Kiunguja na Kimvita: zinaelewana kwa sehemu kubwa, kisha linakuja neno moja ambalo kila upande una maana yake.

Kabla ya kugusa kitu chochote, fungua faili la modeli kwa kihariri cha maandishi ulisome. Wengi hawafanyi hivyo, wakabaki kubonyeza vitufe. Hakikisha jina la faili halijabadilika kuwa LM358.lib.txt, kwani Windows ina tabia ya kuficha mkia wa mwisho. Tafuta alama ya µ na uibadilishe iwe herufi u ya kawaida. Tafuta pia alama za kunukuu zilizopinda na alama za kutoa zilizorefuka; hizo huingia mtu anaponakili modeli kutoka kwenye PDF. Mstari uliokatika katikati lazima uendelee kwa alama ya + mwanzoni mwa mstari unaofuata, na PDF hupenda kuzipoteza hizo.

Kisha angalia vipimo. Katika SPICE herufi kubwa na ndogo hazina tofauti, hivyo 1M si megaomu moja. Ni miliomu moja. Mega huandikwa Meg. Mstari huu:

R1 5 0 1M

utapita bila neno, lakini rezista uliyoikusudia iwe ya omu milioni moja itakuwa ndogo mara bilioni moja, na nodi namba 5 itakuwa kama imefungwa kwenye ardhi. Hali ni hiyo hiyo kwa kapasita iliyoandikwa 1F: programu inasoma femtofaradi, yaani faradi 1 ikiwa imegawanywa kwa milioni mara mbili, kisha tena kwa elfu, kwa kifupi 1e-15. Ukiona saketi imekufa ilhali haina kosa lolote, anza kutafuta M na F. Kwa tabia yangu, thamani yoyote inayotia shaka huiandika kwa tarakimu kamili, 1e6 au 1e-12, maana namna hiyo inasomeka sawa kila mahali.

Sasa pini. Hapa ndipo watu wengi wanapopotelea, na nataka tukae kidogo. Modeli ya LM358 inayozunguka sana inaanza hivi:

.SUBCKT LM358 1 2 3 4 5

Namba hizo si pini za kifaa. Ukisoma maelezo yaliyo juu ya mstari huo utaona kwamba 1 ni ingizo chanya, 2 ni ingizo hasi, 3 ni umeme chanya, 4 ni umeme hasi, na 5 ni tokeo. Chukua sasa kifaa chenyewe chenye miguu minane: mguu wa 1 ni tokeo la opampu ya kwanza, wa 2 ni ingizo hasi, wa 3 ni ingizo chanya, wa 4 ni ardhi, na wa 8 ni umeme chanya. Programu ikioanisha namba kwa namba, tokeo lako litakuwa limeunganishwa na ingizo chanya, na ingizo chanya litakuwa limepewa kazi ya kulisha umeme. Hakuna kosa litakaloandikwa. Katika KiCad, fungua dirisha la modeli ya kifaa uende kwenye sehemu ya kupanga pini, uoanishe moja moja ukiwa na maelezo ya modeli upande mmoja na datashiti upande mwingine. Usiiachie kompyuta kazi hiyo. Transista nazo ni vivyo hivyo: SPICE inataka kolekta, besi, emita kwa mpangilio huo, lakini 2N3904 ya plastiki huanza na emita kwenye mguu wa 1.

Tofauti za lugha yenyewe ni rahisi zaidi kwa sababu kwa kawaida zinatoa kelele. Kwa ngspice, dawa ya kwanza ni kuiambia isome kwa namna ya PSpice: weka mstari set ngbehavior=psa kwenye faili la .spiceinit, au katika KiCad chagua PSpice kwenye mipangilio ya uigizaji. Hilo peke yake huondoa malalamiko mengi. Yanayobaki yashughulikie kwa mkono. Swichi ya PSpice, VSWITCH, inatumia VON na VOFF, ilhali swichi ya SPICE asilia, SW, inatumia VT na VH. Hesabu yake ni fupi: VT ni wastani wa VON na VOFF, na VH ni nusu ya tofauti yao. VON ikiwa volti 3 na VOFF volti 1, basi VT ni 2 na VH ni 1. Katika LTspice andika VH=-1, kwa sababu thamani hasi huifanya swichi ipite taratibu kutoka kufungwa hadi kufunguka badala ya kuruka, na ndivyo ile ya PSpice inavyofanya.

Alama ya ^ nayo ichunguze. Katika ngspice ni kipeo, lakini ndani ya chanzo cha aina ya B cha LTspice ni operesheni ya mantiki. Tumia ** kila mahali. Na kwa mosfeti za ndani ya chipu, tazama LEVEL, namba inayochagua milinganyo ya modeli: BSIM3 ni 7 kwa PSpice, 49 kwa HSPICE, na 8 kwa LTspice. Ukiacha namba ya zamani, programu inaweza kuchukua milinganyo mingine kabisa.

Ujumbe wa "timestep too small" maana yake programu imeshindwa kufikia jibu hata baada ya kufupisha hatua za muda. Tafuta kwanza nodi isiyo na njia ya mkondo kwenda ardhini. Ipe rezista ya 1G. Vyanzo vya mapigo vipe muda wa kupanda na kushuka, hata nanosekunde moja. Ikibidi, ongeza .options method=gear au cshunt=1e-15. Ninachokukataza ni kulegeza reltol, yaani kiwango cha kosa kinachoruhusiwa kwenye hesabu, kutoka 0.001 kabla hujajua tatizo liko wapi, kwani hapo unaficha ugonjwa.

Baada ya hayo yote modeli ikiwa inakwenda, bado usiiweke kwenye saketi kubwa. Ijaribu peke yake. Kwa LM358, unganisha tokeo na ingizo hasi, weka volti 5 kwenye umeme chanya na 0 kwenye umeme hasi, kisha pandisha ingizo chanya kutoka volti 0 hadi 5 kwa amri ya .dc. Tokeo lifuate ingizo hadi karibu volti 3.5, halafu lilale. Likinyooka hadi volti 5, modeli yako haijui mipaka ya kifaa halisi, na saketi itakayopita kwenye skrini itashindwa mezani. Likikwama mahali pamoja, rudi kwenye pini. Halafu rusha ingizo kutoka volti 0.5 hadi 2.5. Datashiti nyingi zinataja kasi ya volti 0.3 kwa maikrosekunde, kwa hiyo mruko huo uchukue takriban maikrosekunde 7. Kwa mosfeti kama IRFZ44N, weka volti 10 kwenye geti na upitishe ampea 25: datashiti inatoa miliomu 17.5 kwa juu kabisa, hivyo volti kati ya dreni na sosi zisizidi 0.44 au karibu na hapo.

Limebaki jambo moja ambalo halina tiba. Ukifungua faili ukakuta $CDNENCSTART ikifuatiwa na herufi zisizosomeka, modeli hiyo imefungwa kwa ajili ya PSpice, na hakuna programu ya kubadilishia itakayoifungua kihalali. Usipoteze jioni yako. Tafuta kama mtengenezaji ana toleo lisilofungwa. Kama kifaa ni cha Texas Instruments, ipo PSpice for TI, ambayo kampuni hiyo inaitoa bure. Vinginevyo chukua modeli ya wazi ya kifaa kinachofanana, urekebishe thamani zake kwa datashiti, kisha uandike juu ya faili, kwa mistari inayoanza na *, umeitoa wapi, umebadilisha nini, na ni vipimo gani hujavijaribu.