Jina la Aliyeimba: Maisha ya Antonín Dvořák Ugenini (1892–1895) na Swali Lake kwa Watafiti wa Fasihi Simulizi

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba utungo simulizi ni mali ya jamii na kwamba mtunzi wake aghalabu hajulikani. Kauli hii tumeikariri tangu shule ya upili, tukaiandika mitihanini, na hatimaye tukaenda nayo nyanjani pamoja na vinasa-sauti vyetu. Makala haya yanadhamiria kuihoji kauli hiyo kwa kutumia mfano ulio mbali na kwetu: miaka ambayo mwanamuziki Mcheki, Antonín Dvořák, aliishi nchini Marekani. Huenda msomaji akauliza, Dvořák na Kiswahili ni wapi na wapi? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba katika kisa chake wamo watu wale wale tunaokutana nao katika kila utafiti wa nyanjani: mgeni mwenye masikio, mwenyeji anayeimba, na hadhira ya baadaye isiyojua nani alimpa nani nini.

Wahakiki wengi humwendea Dvořák kupitia simfonia yake ya tisa. Mimi nitamwendea kwanza kupitia njiwa, garimoshi na karata, kwa sababu ni katika maisha ya kila siku ndipo mtu hukutana na wimbo asioutafuta.

Mtu na jina lake

Dvořák alizaliwa mwaka 1841 katika kijiji cha Nelahozeves, kaskazini mwa Prague. Baba yake alikuwa mchinjaji na mwenye nyumba ya wageni. Wakati huo eneo la Bohemia lilikuwa chini ya utawala wa Austria, na Kijerumani ndicho kilichokuwa lugha ya ofisi na ya hadhi. Kicheki kilikuwa lugha ya nyumbani na, kwa wale waliokipenda, lugha ya kupiganiwa. Hali hii si ngeni kwa msomaji wa jarida hili.

Kuna jambo dogo ambalo nalipenda kuliko mengine yote katika wasifu wake. Mchapishaji wake, Simrock wa Berlin, alitaka majalada ya kazi zake yabebe jina la Kijerumani, Anton. Mtunzi alitaka Antonín. Suluhu iliyopatikana ni kifupisho, Ant., ambacho Mjerumani angekisoma kwa namna yake na Mcheki kwa namna yake. Herufi tatu na nukta! Lakini mtu anayebishana na mchapishaji kwa ajili ya herufi hizo ni mtu anayejua uzito wa jina. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili tutakapofika mbele.

Njiwa, garimoshi na meli

Mnamo Septemba 1892 Dvořák aliwasili New York. Alikuwa amealikwa na Bi. Jeannette Thurber, mwanzilishi wa Chuo cha Kitaifa cha Muziki, kwa mshahara wa dola 15,000 kwa mwaka. Chuo hicho, kilichoanzishwa mwaka 1885, kilikuwa na sifa adimu kwa enzi yake: kiliwapokea wanafunzi Weusi na wanawake. Mkurugenzi mpya alipanga nyumba nambari 327 katika Mtaa wa 17 Mashariki, akawa anakwenda kazini kwa miguu katika mtaa huo huo. Alikuja na mkewe Anna na watoto wawili kati ya sita. Waliobaki walifuata baadaye, na hadi walipofika, baba mtu alihesabu siku.

Maisha yake jijini humo hayakuwa ya mtu mashuhuri tunayemdhania. Karamu hakuzipenda. Aliamka mapema na kulala mapema. Nyumbani kwake alikaa pia kijana Josef Kovařík, mzaliwa wa Marekani wa wazazi Wacheki aliyekuwa amesomea fidla Prague, na mengi tunayoyajua kuhusu siku hizo yanatokana na kumbukumbu zake. Anasimulia kuwa jioni walicheza karata, na mzee aliposhindwa alizirusha hewani. Asimulia pia kuwa Dvořák, ambaye kijijini Vysoká alifuga njiwa, alifurahi kama mtoto alipowakuta njiwa katika bustani ya Central Park, akawa anarudi kuwatazama mara kwa mara.

Garimoshi lilikuwa ugonjwa wake. Alipokuwa Prague alizoea kwenda stesheni kuangalia vichwa vya garimoshi na kukariri nambari zake. New York ilimnyima raha hiyo: asiye na tikiti hakuruhusiwa kwenye jukwaa la abiria. Basi akawa anasafiri mwendo mrefu hadi Mtaa wa 155 ili aione tu treni ya Chicago ikipita. Uchovu wa safari hizo ulipomshinda, aligeukia bandari. Alikagua meli kabla ya kung'oa nanga, akajua majina yake na siku zake za kuondoka. Wasomi wengine huyachukulia haya kuwa vituko vya mtu mwenye kipaji. Kwa maoni yangu, si vituko. Mtu aliye ugenini huku watoto wake wanne wakiwa ng'ambo ya bahari ana sababu nzuri ya kujua ni meli ipi inaondoka leo na barua ya nani.

Jioni za Burleigh

Miongoni mwa wanafunzi wa chuo hicho alikuwemo kijana Mweusi, Harry T. Burleigh, aliyezaliwa mwaka 1866 mjini Erie, Pennsylvania. Alipata ufadhili wa masomo mwaka ule ule Dvořák alipofika. Hakuwa mwanafunzi wa darasa la utunzi la Dvořák. Walikutana kwa njia nyingine: Burleigh alinakili alama za muziki za mkurugenzi, na jioni alikwenda nyumbani kwake kumwimbia nyimbo za kiroho za Wamarekani Weusi. Dvořák alisikiliza, akauliza, akataka arudiewe. Hapakuwa na hojaji wala kinasa-sauti. Palikuwa na sebule, familia, na sauti ya kijana mmoja.

Nyimbo hizo Burleigh alizipata wapi? Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Alifundishwa na babu yake, Hamilton Waters, aliyewahi kuwa mtumwa, akajinunulia uhuru wake, kisha akapofuka. Mjini Erie mzee huyu alifanya kazi ya kuwasha taa za barabarani, na mjukuu alifuatana naye. Kwa hiyo tunao mnyororo wenye pete zinazojulikana: Waters akamwimbia Burleigh, Burleigh akamwimbia Dvořák. Kabla ya Waters mnyororo unakatika. Je, unakatika kwa sababu nyimbo hizo kwa asili yake hazina mtunzi? La hasha. Unakatika kwa sababu waliozitunga walikuwa watumwa, na mtumwa aliandikwa katika daftari la mali pamoja na ng'ombe na majembe, mara nyingi bila jina alilopewa na wazazi wake. Hajulikani kwa kuwa alinyimwa kujulikana. Kauli yetu ya darasani inalifunika jambo hili la historia kwa blanketi la nadharia, kana kwamba kutojulikana ni sifa ya utanzu kama zilivyo vina au takriri.

Simfonia nambari 9, iitwayo Kutoka Ulimwengu Mpya, ilianza kuandikwa Januari 1893 na kukamilika mwezi Mei mwaka huo. Mei hiyo hiyo gazeti la New York Herald lilichapisha maoni ya Dvořák kwamba muziki wa Marekani wa siku zijazo hauna budi kujengwa juu ya nyimbo za watu Weusi. Kauli hiyo iliwaudhi wengi. Tarehe 16 Desemba 1893 simfonia ilipigwa katika ukumbi wa Carnegie chini ya uongozi wa Anton Seidl na kushangiliwa mno. Mtunzi alisisitiza kuwa hakuchukua wimbo wowote ulivyo, bali alitunga tuni zake mwenyewe kwa roho ya nyimbo alizozisikia. Wahakiki wamebishana tangu hapo, hasa kuhusu tuni moja ya sehemu ya kwanza inayofanana na wimbo wa kiroho mashuhuri, Swing Low, Sweet Chariot. Mjadala huo siuingilii. Ninachotaka kusema ni kwamba Dvořák alitangaza hadharani deni lake kwa watu Weusi kwa jumla, ilhali Burleigh aliyemwimbia hakuwamo katika kichwa cha kazi wala jalada lake. Mtu aliyepigania herufi tatu za jina lake!

Haki itendeke kwa Dvořák vilevile. Januari 1894 aliongoza onyesho jijini New York ambamo waimbaji wengi walikuwa Weusi, na Burleigh akiwa mmoja wa waimbaji wa peke yao. Wimbo mmojawapo alioupanga upya kwa onyesho hilo ulikuwa Old Folks at Home, uliotungwa mwaka 1851 na Stephen Foster, Mzungu wa Pennsylvania aliyeigiza sauti ya mtumwa. Yaani hata sikio la Dvořák lilikuta sauti za watu na uigaji wake vimekwisha kuchanganyika.

Kiangazi cha Spillville

Juni 1893 familia nzima, sasa pamoja na watoto wote, ilisafiri kwa garimoshi hadi Spillville, Iowa, kijiji cha walowezi wa Kicheki alikozaliwa Kovařík. Huko Dvořák alisikia Kicheki barabarani, akapiga kinanda katika misa ya asubuhi ya kanisa la Mtakatifu Václav, akatembea kando ya mto. Siku chache tu baada ya kufika alianza kuandika kwarteti ya nyuzi katika ufunguo wa F, opasi 96. Rasimu yake ilimchukua siku tatu. Katika sehemu ya tatu aliweka mlio wa ndege mwekundu mwenye mbawa nyeusi aliyemsumbua kwa kelele kila alipotembea. Ndege huyo, hebu tazama, ametajwa karibu katika kila maelezo ya kwarteti hiyo.

Furaha ya Spillville haikudumu. Mwaka 1893 uchumi wa Marekani uliporomoka, biashara ya mume wa Bi. Thurber ikatikisika, na mshahara wa mkurugenzi ukaanza kuchelewa. Machi 1894, jijini New York, Dvořák alitunga nyimbo kumi kwa maneno ya Zaburi. Angeweza kutumia Kiingereza cha wenyeji au Kijerumani cha wachapishaji. Alitumia Biblia ya Kralice, tafsiri ya Kicheki ya karne ya 16. Aprili 1895 alirejea kwao na hakurudi tena Marekani.

Wimbo uliopata jamii

Mwaka 1922 William Arms Fisher, aliyekuwa mwanafunzi wa Dvořák, aliichukua tuni ya sehemu ya pili ya simfonia, ile inayopigwa kwa chombo cha jamii ya zumari chenye sauti nene, akaitungia maneno na kuipa jina Goin' Home. Wimbo ulienea makanisani na mazishini, na katika muda usio mrefu watu wengi wakaamini kuwa ni wimbo wa kale wa watumwa ambao Dvořák aliukuta na kuuazima. Mkondo uligeuka kinyume. Tuni yenye tarehe, mtunzi na mchapishaji iliingia katika mapokeo na kuhesabiwa kuwa haina mwenyewe. Ikiwa hili laweza kutokea kwa mtu mashuhuri, kwa kazi iliyopigwa Carnegie, mbele ya magazeti, basi ni nyimbo ngapi tulizozibandika "mtunzi hajulikani" kwa kuwa tu hatukuuliza?

Burleigh mwenyewe alilijibu swali hilo kwa vitendo. Mwaka 1894 alichaguliwa kuimba katika kanisa la Mtakatifu George, katika uwanja wa Stuyvesant, jirani kabisa na nyumba alimokuwa akiimba jioni, akatumikia humo miaka 52. Alipanga nyimbo za kiroho kwa sauti na piano na kuzichapisha kwa jina lake kama mpangaji. Mwaka 1914 alikuwa miongoni mwa wanachama waanzilishi wa ASCAP, chama kinachotetea haki za watunzi nchini humo. Alifariki mwaka 1949.

Nyanjani kwangu

Niruhusiwe kuyasema na yangu. Kwa ajili ya tasnifu yangu nilikusanya nyimbo za vugo kwa wanawake wa Mombasa. Fomu ya utafiti niliyopewa ilinielekeza kuwatambulisha wahojiwa kwa nambari, ili kulinda faragha yao, nami nikafanya hivyo bila kufikiri. Bibi mmoja aliniimbia nyimbo kumi na moja. Mbili kati ya hizo alisema alizitunga mwenyewe, moja kwa harusi ya bintiye. Niliporudi kumsomea nilichoandika, alisikiliza kwa makini kama mtu anayesubiri kitu, kisha akaniuliza, "Sasa huyu Mhojiwa wa Pili ni nani, mwanangu?"

Nikamwambia, "Ni wewe, bibi."

Akacheka, akanimiminia chai. Hakusema zaidi, na mimi sikuwa na la kusema. Faragha ni jambo zito na kuna wahojiwa wanaoihitaji kwelikweli, lakini huyu hakuwa ameiomba. Sikumuuliza. Katika rasimu yangu nyimbo zake mbili ziko ukurasa wa 64 na 71, chini ya maneno yale yale tuliyoyakariri shuleni. Hapa pia simtaji, maana idhini yake ya maandishi sina bado. Nimeshaandaa fomu nyingine, yenye nafasi ya jina na swali la iwapo mwenyewe analitaka liandikwe, na likizo ikianza nitapanda basi kwenda Mombasa.